Jogoo Aliyerudi Molo

Jumamosi iliyopita mwanamume mmoja aliniletea mwanawe uwanjani. Mtoto alikuwa amevaa kaptura iliyopigwa pasi na soksi zilizovutwa hadi chini ya magoti, na magoti yenyewe yalipakwa mafuta yakang'aa kama ya mtoto wa nasari anayepelekwa kupigwa picha. Niliinama kumsalimu, kama ninavyowasalimu wote wanaokuja kufunzwa mpira, ndipo nikaisikia ile harufu. Ilikuwa spiriti, ile ya kwa kinyozi, inayopakwa wembe ukishapita. Ilitoka juu ya mdomo wa mtoto.

Niligeukia kando nikatema mate, na baba mtu akafikiri ni vumbi la Nakuru tu.

Nikamuuliza mtoto ana miaka mingapi. Alimtazama babake kwanza, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Kumi na moja."

Kutazama kule nakujua. Nilikuona mara ya kwanza nikiwa mdogo, usoni mwa kaka yangu, na toka siku hiyo sijawahi kukuona tena bila kusikia kichefuchefu.

Ninyi wa rika langu mliokulia Nakuru mnaujua uwanja ninaousema, kwa sababu kila mtaa ulikuwa na wake. Vumbi hadi kwenye vifundo vya miguu, magoli ya miti ya mikaratusi, na jioni upepo unatoka ziwani ukibeba harufu ya magadi na kinyesi cha ndege. Klabu yetu ya vijana ilikuwa na chumba kimoja cha mabati ambamo jezi zilikaa ndani ya gunia. Jezi hizo hazikufuliwa mashindano yakiendelea, kwa sababu Kocha alisema sabuni huosha bahati. Wakubwa wakimaliza kucheza walizivua, na wadogo wakazivaa zikiwa bado na joto la miili ya wenzao. Zilinuka maziwa yaliyochacha. Hata leo nikiona gunia limefungwa mdomo huwa najiandaa kuziba pua.

Jina la Kocha hatukulijua wala hatukulihitaji. Alikuwa mtu mnene mwenye filimbi shingoni na kijiti cha kiberiti kati ya meno, akikihamisha kutoka pembe moja ya mdomo hadi nyingine alipokuwa akifikiri. Na nitasema ukweli wake wote, maana chuki isiyosema ukweli ni umbea: mtu yule alijua kufundisha. Sisi wasichana tulifanya mazoezi ya asubuhi pamoja na wavulana, ingawa mechi zilikuwa zao, na nilimwona kwa macho yangu akimchukua mtoto ambaye mpira humruka kama jiwe, na baada ya wiki chache mtoto yuleyule anautuliza kwa unyayo kama anayemfunika kifaranga. "Mpira ni mgeni," alikuwa akituambia. "Mgeni hapigwi teke mlangoni. Mpokee, umkalishe, halafu ndiyo umuulize anaenda wapi." Maneno hayo ninayatumia mimi mwenyewe kila Jumamosi. Nimetafuta mengine yaliyo bora nikayakosa, na inaniudhi sana kwamba kitu kizuri zaidi kinywani mwangu kilitoka kinywani mwake.

Kaka yangu Baraka alikuwa kifungua mimba. Alikuwa na miaka kumi na minne, darasa la nane, mfupi kama baba yetu, na uso wa duara ambao mama wa sokoni walikuwa wakiufinya mashavuni hadi akaanza kupita njia ya nyuma. Kwa mpira hakuwa na mwenzake mtaani. Mama aliuza viazi sokoni, viazi vilivyotoka shambani kwa Shosho, mama yake mzazi, kule Molo. Baba alifanya kazi Olkaria kwenye mabomba ya mvuke na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi, nguo zake zikinuka mayai viza. Kwa miaka mingi nilidhani hiyo ndiyo harufu ya baba, na kwamba kila baba ana yake.

Jioni moja, likizo ya Aprili, Kocha alikuja kwetu. Mama alimpikia chai ya maziwa na kumpa kiti kizuri. Mimi nilikuwa jikoni nikimenya viazi. Kati yangu na sebule palikuwa na pazia tu, lakini redio ya jirani ilikuwa juu, kwa hivyo maneno yalinifikia vipande vipande. Nilimsikia Kocha akisema, "Huyu tumeshamkata, Mama Baraka. Ni siri yetu. Msiongee nje."

Mama akajibu kwa sauti ya mtu aliyechoka kubishana. "Kama mmeshamkata, basi. Lakini babake mtamwambia nyinyi."

Kwetu sisi Wakikuyu, na kwa majirani zetu wengi wa Bonde la Ufa, mvulana akimaliza darasa la nane anatahiriwa, na mtaani hakuna anayesema kutahiriwa. Wanasema amekatwa. Anaingia mtoto, anatoka mwanamume, na tangu hapo hachezi tena na wale ambao hawajaenda, kwa sababu hao bado wanaitwa kihii, na kihii ni neno ambalo mvulana mkubwa akiitwa anapigana. Jambo hilo ni la Desemba, na wanawake hawaliulizi. Mimi nilikuwa na miaka tisa na masikio yangu yalikuwa makubwa kuliko akili yangu. Nikajua kwamba Baraka wamemharakisha, wamemkata Aprili, na ni siri.

Na ushahidi niliupata, tena tele. Baraka aliacha kwenda kukaa na wenzake jioni. Alinunuliwa kaptura mpya. Alinyolewa. Zaidi ya yote, alianza kutembea vibaya. Nilichungulia nikamwona kwenye kile kichochoro kando ya nyumba yetu, anatembea hatua fupi fupi akichanua miguu, na Kocha nyuma yake akimsahihisha. Kijana aliyekatwa juzi hutembea hivyohivyo, kila mtu mtaani anajua. Nilimhurumia sana kaka yangu. Nilimchemshia maji ya kuoga bila kutumwa, na nikimpelekea nilitazama pembeni kwa heshima.

Kumbe kilichokatwa ni miaka. Mashindano yalikuwa ya watoto wasiozidi miaka kumi na miwili, na Kocha alikuwa amemwambia mama kwamba watakuja watu wa shule moja ya bweni Nairobi, wanaotafuta wachezaji wadogo wawalee na kuwasomesha bure hadi wamalize. Kwa hivyo Baraka alipunguziwa mitatu. Alitolewa darasa la nane, akapelekwa shule ya upande wa pili wa mji asikojulikana, akaketishwa la sita. Na Desemba yake ikaahirishwa, kwa sababu nani angeamini mtoto wa kumi na moja ambaye ameshakatwa? Baba alipoambiwa kwa simu alisema Desemba nyingine si mbali, akarudi kwenye mabomba yake.

Baraka aliniambia tukiwa watu wazima kwamba siku alipoambiwa mpango huo alimuuliza Kocha swali moja tu. Alimuuliza, "Na wenzangu?"

"Wenzako watakungoja," Kocha akamjibu.

Mtu mzima, mwenye watoto wake, aliyeketi na rika lake mwenyewe katika kila harusi na kila matanga, alimwambia mtoto kwamba rika litamngoja. Mengine yote ningeweza kumsamehe kabla ya hilo.

Kisha akaanza kumfundisha utoto, kwa uangalifu uleule aliowafundisha wengine kutuliza mpira. Baraka aliambiwa atembee hatua fupi za mtoto mdogo, na asiongee ovyo, maana sauti ilikuwa imeanza kukwaruza. Akiangushwa alie kidogo. Wakati wa mapumziko alipewa lollipop nyekundu ainyonye hadharani hadi ulimi uwe mwekundu. Magoti yake yalipakwa mafuta. Na mtu akimuuliza miaka yake, asijibu haraka, amtazame Kocha kwanza, kwa sababu watoto wadogo humtazama mkubwa kabla ya kujibu. Sijui mtu hukaa wapi na kufikiria kitu kama hicho. Nadhani ndiyo kazi iliyokuwa ikifanyika kile kijiti kilipohama pembe moja ya mdomo kwenda nyingine.

Asubuhi ya kila mechi Kocha alikuja kwetu mapema. Alimshika Baraka kidevu, akampitishia kidole gumba juu ya mdomo, kama mnunuzi anayepapasa kiazi kujua kama kimeoza. Akikuta vinyweleo, alitoa wembe wake, akavinyoa bila maji, akapaka spiriti. Machozi yalimlenga Baraka. Nyumba nzima ilinuka spiriti hadi kwenye chai. Mimi nilifikiri ni dawa ya kidonda, kidonda kile kingine, na kwamba wameanza kupaka juu kwa sababu ya aibu.

Jumapili moja Shosho alipiga simu kama ilivyokuwa desturi yake, na mama akanipa nimsalimu. Nilikuwa nimeibeba siri ile hadi ikanichosha. Nilimwambia, "Shosho, Baraka amekatwa."

Nilisikia ng'ombe wake akilia kwa mbali. Akaniuliza ni nani amemkata. Nikasema Kocha. Akauliza kama anaendelea vizuri. Nikasema anatembea kwa shida lakini anakula. Shosho akasema ni sawa, na akakata simu bila kuniuliza kuhusu masomo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Katika familia yetu kijana akikatwa, jogoo wa kwanza wa kumchinjia hutoka kwa nyanya yake. Si jogoo wa kununua njiani. Ni wa boma, aliyelishwa kwa kazi hiyo. Wa Baraka alikuwa mwekundu mwenye mkia mweusi, na sisi tulimjua tangu akiwa kifaranga kwa sababu kila likizo Shosho alituonyesha na kusema, huyu anamngoja ndugu yenu. Kwa kuwa hakualikwa, Shosho aliamua kujialika.

Alikuja siku ya fainali. Alifika nyumbani akakuta mlango umefungwa, majirani wakamwambia wote wako uwanjani, naye akashangaa kidogo, maana kijana wa kidonda hana kazi uwanjani. Nilimwona akitokea upande wa soko katika sweta yake ya baridi ya Molo, jua letu likimchoma, kiondo begani na kichwa cha jogoo kikichungulia nje. Nilikimbia kumpokea nikiwa na furaha isiyo na kifani. Nilifikiri mtaa mzima sasa utajua kwamba kwetu kuna mwanamume.

Ilikuwa mapumziko. Timu iliyocheza na yetu ilitoka Naivasha, watoto wa wafanyakazi wa mashamba ya maua, na golikipa wao alikuwa mdogo hasa, mdogo wa kweli, amevaa glavu za kukatia waridi ambazo vidole vyake havikufika ncha. Kipindi cha kwanza Baraka alikuwa amempiga shuti la karibu, mpira ukamkunja kidole kwa nyuma, mtoto akalia kilio kile cha kukosa pumzi. Baraka alikuwa amemwinua na kumpangusa vumbi hadi Kocha akampigia kelele amwache, naye arudi nyuma. Sasa timu yetu ilikuwa imeketi chini kando ya mstari, jezi zikinuka, na Baraka katikati yao, magoti yaking'aa, akinyonya lollipop.

Shosho alisimama mbele yake. Akanigeukia na kuniuliza kwa upole, "Huyu ndiye amekatwa?"

Nikasema ndiye.

Alimtazama kuanzia ulimi mwekundu hadi magoti. Kisha akawatazama watoto waliomzunguka, ambao hata wakiwa wameketi walimfikia Baraka begani tu. Msimamizi wa mashindano, mwanamume mwenye beji na kofia, aliona kuna mama mzee amesimama mahali pasipofaa, akaja kumuuliza kama kuna shida.

Shosho hakupandisha sauti. Alisema, "Huyu mjukuu wangu ana miaka kumi na nne. Desemba anaingia kwa wanaume. Mbona mmemweka hapa na watoto wa maziwa?"

Mimi nilisubiri dunia ianguke. Nilikuwa mtoto, na niliamini kwamba ukweli ukisemwa mbele ya mtu mwenye beji, kitu fulani lazima kitokee. Msimamizi alimtazama Kocha. Kocha akamtazama kocha wa Naivasha, na kocha wa Naivasha akatazama viatu vyake, kwa sababu golikipa wake alikuwa mdogo lakini mshambuliaji wake alikuwa na ndevu za kutosha kusugulia sufuria.

"Ah, shosho," Kocha akasema akicheka, "hatujamkata hivyo. Tumemkata miaka tu. Na hawa wengine pia wamekatwa kidogo kidogo. Si ndiyo, boss?"

Wakacheka. Msimamizi alicheka hadi akavua kofia. Kocha wa Naivasha alicheka kwa kuponea chupuchupu. Wazazi waliokuwa karibu walicheka, mama zetu walewale wa kanisani. Kila mtu alijua. Kila mtu alikuwa anajua tangu asubuhi. Mmoja akaita shosho aletewe kiti, mwingine akatuma soda. Hapo ndipo nilipolielewa lile neno, katikati ya kicheko, na nikahisi kama nimemeza kitu kutoka ndani ya lile gunia la jezi. Nimewaza sana tangu siku hiyo, na nimeona kwamba uongo wao haukunitia kinyaa kama soda ile. Waliona mama mzee amesema kweli, wakaona dawa yake ni kumnywesha kitu cha baridi.

Shosho hakuketi na soda hakuigusa. Alimwinamia Baraka, mahali pale pale, wakawa uso kwa uso. Nyuma ya goli walikuwa wamekaa wenzake wa darasa la nane waliokuja kutazama fainali, na wote walisikia. Shosho akamuuliza, "Wewe, mwana wa mtoto wangu. Una miaka mingapi?"

Nilijua atasema. Kwa Shosho huwezi kudanganya, alikuwa akijua hata ukila sukari kavu kwa siri.

Baraka alimtazama Kocha kwanza. Halafu akasema, "Kumi na moja."

Sauti ilimkwaruza katikati ya neno. Mtu aliyesoma Biblia angengoja jogoo awike. Hakuwika. Alikuwa amefungwa miguu na joto lilikuwa limemlegeza.

Shosho alijinyoosha, akapandisha kiondo begani na kuondoka kwa njia aliyojia. Mama alimkimbilia hadi sokoni akimwomba angalau aingie nyumbani anywe maji. Sikusikia walichosemezana. Ninajua tu kwamba mama alirudi peke yake, na jogoo alirudi Molo. Kipindi cha pili Baraka alifunga mabao yote tuliyoyahitaji. Kila alipofunga, wale wenzake nyuma ya goli walipiga makofi polepole na kumwita kihii, kwa utaratibu, kama wanaoimba kwaya. Kocha aliinua kikombe. Ipo picha ya siku hiyo, na Baraka ameambiwa apige goti mbele pamoja na wadogo.

Desemba ilifika. Wenzake walikwenda, na Januari wakatoka na mashati mapya na kofia, wakitembea katikati ya barabara. Baraka alikuwa amesimama dukani na mkate mkononi. Walimpita. Hawakumtukana hata, kwa sababu mwanamume hajibizani na mtoto. Mmoja wao alikuwa amekula sahani moja na Baraka tangu wakiwa nasari. Rika halikumngoja, na hakuna rika lililowahi kumngoja mtu. Yeye aliingia la saba, magoti hayaingii chini ya dawati.

Shosho alifariki Julai iliyofuata, katika baridi ile ya Molo inayoingia hadi mifupani. Jogoo mwekundu alichinjiwa waliokuja matangani. Aliletwa kwenye sufuria pamoja na viazi, na mjomba mmoja, bila kujua, akampakulia Baraka paja. Baraka aliinuka akatoka nje. Sahani ile niliimaliza mimi kwa sababu mama alinikazia macho.

Kabla ya mashindano ya mwaka wa pili Kocha alikuja tena asubuhi na wembe wake. Alimshika kidevu, akapitisha kidole gumba. Akarudia. Alikuwa amepata mtoto mwingine, wa mtaa wa juu, mdogo na mwepesi. Alimwachilia Baraka, akafuta kidole kwenye suruali, na akamwambia mama, kana kwamba Baraka hayupo pale, "Huyu amezeeka."

Miaka kumi na mitano. Walimkata wakamfanya mtoto, na walipomaliza naye wakamwita mzee, na kati ya hayo mawili hapakuwa na siku hata moja aliyoachwa awe na umri wake. Watu wa Nairobi, ambao mwaka wa kwanza hawakufika, walikuja mwaka huo, wakamchukua yule wa mtaa wa juu. Baraka alienda kukatwa zahanati, peke yake, siku ya kazi, akiwa amepanga foleni na vitoto vya watu vinavyolia. Hapakuwa na wenzake wa kumtania wala jogoo. Hakumaliza shule. Kitambulisho chake hadi leo kina ile miaka ya Kocha, na hucheka akisema atastaafu akiwa na mkongojo. Anaendesha lori la viazi kutoka Molo, na ni dereva mzuri, na ana watoto wazuri. Lakini mtu akimuuliza umri wake, hata mtu wa bima, macho yake huenda kando kwanza, kutafuta mtu kando ya mstari. Kocha, kwa upande wake, siku hizi hualikwa kutoa zawadi. Hupewa kiti cha mbele na maikrofoni, na watu husimama.

Basi ndiyo sababu Jumamosi ile nilitema mate. Nilimwambia yule baba kwamba kikundi cha wadogo kimejaa. Alijua ninachokisema. Alinisogelea, akatabasamu tabasamu la watu wanaojuana, akaniambia, "Coach, si unajua vile hii kitu huenda. Wote wamekata."

Nilichuchumaa mbele ya mtoto, nikamwuliza swali ambalo hakuwa amefundishwa jibu lake. "Wenzako wako wapi?"

Alisahau kumtazama babake. Aliinua mkono akaonyesha upande wa pili wa uwanja, kwa wale wakubwa, wenye sauti za kukwaruza na chunusi, waliokuwa wakigombania mpira kwa nguvu ambazo zingemvunja. Wawili walikuwa wamesimama wakimtazama, na mmoja akampungia.

"Wako pale," akasema.

"Basi nenda."

Baba akasema ninamharibia mtoto maisha, kwamba pale hataonekana, atakuwa wa mwisho. Huenda ni kweli. Huenda pia Jumamosi ijayo atampeleka uwanja mwingine, kwa mtu mwingine mwenye filimbi, na kuna wengi. Dunia ile iliyocheka na kuleta soda haijafungwa.

Jioni nilimpigia Baraka. Alikuwa Molo, wanapakia, nikisikia magunia yakitupwa. Nikamweleza yote, spiriti, mafuta ya magoti, hadi pale niliposema nenda.

"Alikimbia ama alitembea?" akaniuliza.

Nikamwambia alikimbia, na hakugeuka kumtazama mtu.